Kukagua mabwawa ya tope na ardhi iliyorekebishwa kwenye matimbo ya Nairobi: mwongozo kamili

Nairobi imejengwa kwa mawe yake yenyewe. Shika Barabara ya Kangundo upite Njiru kuelekea Ruai, au toka kupitia Mlolongo, au panda Thika Road hadi Juja uteremke upande wa Ndarugo, na utakuta matimbo. Mengine yanachimbwa hadi leo, mengine yaliachwa zamani yakajaa maji. Mvua ikinyesha, udongo uliofukuliwa na vumbi la mawe husombwa, na kama hakuna kitu cha kuyazuia, tope lote huingia Mto Nairobi au Ndarugo, kisha Athi, ambao ukifika pwani huitwa Sabaki na kumwaga maji yake ya kahawia baharini karibu na Malindi.

Kinachopaswa kulizuia tope hilo ni vitu viwili: bwawa la kutuamisha mashapo, yaani tope linalotulia chini ya maji, na ardhi iliyofukiwa, ikasawazishwa na kupandwa upya. Mwongozo huu ni wa yeyote anayekwenda kuvikagua: afisa wa mazingira wa kampuni, mtaalamu wa kaunti, mwanachama wa chama cha watumiaji maji, au msimamizi wa timbo anayetaka kujua hali yake kabla mkaguzi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, hajapiga hodi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: kagua kwa kuyafuata maji kinyumenyume. Anza mtoni, panda hadi bwawani, kisha endelea hadi kwenye ardhi yalikotokea maji hayo. Wakaguzi wengi hupokewa ofisini, hupelekwa ukingoni mwa bwawa, hutazama maji yaliyotulia na kurudi mjini. Lakini bwawa halitengenezi tope, hulipokea tu. Kasoro utakayoiona chini ina chanzo huko juu, na usipopanda kukitafuta utaandika dalili ukaacha ugonjwa.

Chagua siku, beba vifaa

Mvua za Nairobi ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Panga ziara mbili za maandalizi, mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, wakati bado kuna nafasi ya kuchimbua na kurekebisha. Kisha nenda tena ndani ya saa 24 baada ya kila mvua kubwa. Ukilazimika kuchagua ziara moja tu, chagua ya mvua. Bwawa kavu la mwezi wa Agosti huonekana salama hata kama tuta lake limetobolewa katikati, kwa sababu hakuna maji ya kulijaribu.

Kabla ya kutoka, omba karatasi: mchoro wa bwawa, leseni ya NEMA pamoja na masharti yake, ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya mwaka uliopita, na mpango wa kurekebisha ardhi. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji awe na mpango wa kurekebisha na kufunga mgodi, pamoja na dhamana ya fedha ya kulinda mazingira. Soma ripoti iliyopita hadi mwisho. Kazi yako ya kwanza ni kuona kama yaliyoandikwa mle yalitendwa.

Vifaa si vya gharama. Utahitaji futikamba ndefu, fimbo ya mita tatu yenye alama za sentimita na kisahani cha bati chini yake, chupa safi za kioo, karatasi za kupima asidi, ndoo ya lita 20, kipande cha nondo chenye ncha, jembe, pimamaji ya fundi, mpira mwangavu wa maji ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi, na simu yenye kamera. Vaa gambuti, helmeti na jaketi la kung'aa.

Usiende peke yako. Na hata kama wenyeji wanasema pamekauka, usikanyage tope lililoshika ukoko juu. Ukoko wa sentimita chache huweza kufunika mita mbili za uji, na mtu akizama kiunoni hawezi kujitoa mwenyewe. Anayepima kina ndani ya bwawa avae jaketi la kuelea na afungwe kamba inayoshikwa na mwenzake nchi kavu.

Hatua ya kwanza: mtoni

Tafuta mahali maji ya timbo yanapoingilia mto au kijito. Chota chupa moja juu ya hapo, ya pili pale maji yanapotokea, na ya tatu hatua kadhaa chini, baada ya maji kuchanganyika. Chota ukiwa umeelekea mkondo unakotoka, usivuruge tope la chini kwa miguu. Ziweke chupa zote tatu mbele ya karatasi nyeupe na uzipige picha kwa pamoja.

Chupa ya juu ina umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mto Nairobi ukifika Njiru umeshabeba uchafu wa mji mzima, na mwenye timbo ana haki ya kutolaumiwa kwa tope lisilo lake. Lakini chupa ya juu ikiwa na maji mepesi na ya chini ikiwa rangi ya chai ya maziwa, hakuna tena la kubishania.

Chupa haipimi miligramu. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za chembe zinazoelea kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, na asidi kati ya pH 6.5 na 8.5. Kuthibitisha kiasi cha chembe kunahitaji maabara, kwa hiyo chukua sampuli nyingine za kupeleka huko, andika saa na mahali, na uziweke kwenye kisanduku chenye barafu.

Ukiwa hapo hapo, pima umbali. Kanuni hizo zilikataza shughuli za maendeleo kwenye ukanda wa mto, ambao ni upana kamili wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kuanzia alama ya juu kabisa ya mafuriko. Rundo la kifusi lililosukumwa hadi ukingoni ni kosa hata kama bwawa ni zuri kiasi gani.

Hatua ya pili: njia ya kutokea maji

Bwawa lililojengwa vizuri lina njia mbili za kutolea maji: bomba au mnara wa kila siku, na mkondo wa dharura wa mvua kubwa. Tazama kama bomba limezibwa na mifuko ya plastiki, matawi au gugumaji. Angalia lilikopita ndani ya tuta. Udongo uliozama juu ya mstari wa bomba unaonyesha kuwa maji yanatembea nje ya bomba. Pale linapomwaga, pawe na mawe makubwa ya kuvunja nguvu ya maji. Shimo linalochimbika chini ya mdomo wa bomba hurudi nyuma kila mvua hadi litafune guu la tuta.

Mkondo wa dharura uwe wazi kabisa. Nimeona mara nyingi umegeuzwa njia ya malori au mahali pa kurundika kokoto. Ukizibwa, maji ya mvua kubwa yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa juu huweza kuisha kwa muda mfupi sana.

Hatua ya tatu: tuta

Hapa usiwe na haraka. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru, usiku, wakati wa mvua za masika, na watu zaidi ya 40 wakafariki. Lile halikuwa bwawa la timbo, lakini tuta la udongo ni tuta la udongo. Kabla hujalipanda, geuka utazame chini yake na uandike kuna nini: nyumba, shule, barabara, mashamba ya sukumawiki. Bwawa dogo lililo juu ya mabanda ya watu ni la kuogopwa kuliko kubwa lililo juu ya uwanda mtupu.

Tembea mistari mitatu: kwenye guu la nje, katikati ya mteremko, na juu kileleni. Mteremko pima kwa pimamaji na futikamba. Kwa tuta dogo la udongo, kupanda mita moja kwa kila mita mbili na nusu za kwenda mbele ni wastani wa kuridhisha. Likiwa wima zaidi ya mbili kwa moja, liulizie mhandisi.

Kwenye guu tafuta unyevu. Majani mabichi kuliko mengine wakati wa kiangazi, udongo unaotitia, maji yanayotiririka. Maji kidogo kupenya ni kawaida ya udongo. Swali ni yana rangi gani. Yakiwa safi, elekeza yaingie ndooni, hesabu sekunde za kujaza lita 20, uandike ili mwenzako alinganishe ziara ijayo. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kwa ndani, na hiyo ni dharura ya dakika ile ile. Ondoa watu walio chini, piga 112 au 999, anza kushusha maji kwa pampu, umwite mhandisi. Wengi hukimbilia kuziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi. Usifanye hivyo, kwani maji yaliyofungiwa hutafuta mlango mwingine kwa nguvu zaidi. Kama ni salama kufika, funika pale kwa mchanga mnene, kisha kokoto juu yake, ili maji yapite lakini udongo ubaki.

Kileleni tafuta nyufa, na hapa ardhi ya Nairobi ina mtihani wake. Upande wa magharibi kuna udongo mwekundu, lakini mashariki, kuanzia Embakasi hadi nyanda za Athi, ni ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Tuta lililojengwa kwa udongo huu huwa na nyufa kila kiangazi. Zilizotapakaa ovyo na kuchora vipande vya pembe nyingi ni za ukavu. Zilizonyooka sambamba na kilele, hasa upande mmoja ukiwa umeshuka kuliko mwingine, ni dalili kwamba tuta linateleza. Zinazokata tuta kutoka upande wa maji hadi upande wa nje ni njia iliyo tayari kwa mvua ya kwanza. Pima kina kwa waya mwembamba, piga picha ukiweka futikamba kando. Za ukavu pia zichimbuliwe na kushindiliwa upya kabla ya Machi, kwa sababu maji hayaulizi ufa ulitokana na nini.

Angalia vilima vya fuko. Mnyama huyu yuko kila mahali kwenye mashamba ya Nairobi na Kiambu, na mashimo yake huweza kupenya tuta dogo. Miti nayo haitakiwi juu ya tuta: mizizi ikifa na kuoza huacha mabomba. Mti mchanga ung'olewe mapema. Ule uliokomaa usikatwe bila mhandisi. Kinachofaa hapo ni nyasi fupi zilizofunga ardhi.

Hatua ya nne: ndani ya bwawa

Pima kwanza nafasi iliyobaki kati ya kiwango cha juu ambacho maji yanaweza kufika na kilele cha tuta mahali palipo chini kabisa. Mpira wa maji utakupa jibu kwa dakika chache. Isipungue sentimita 30. Usipime katikati ya tuta peke yake, kwa sababu matuta huzama taratibu na malori huyakanyaga mahali pamoja.

Kisha pima mashapo. Shusha fimbo polepole hadi kisahani kiguse tope, soma. Geuza fimbo, sukuma ncha hadi ardhi ngumu, soma tena. Tofauti ndiyo unene wa tope. Fanya hivyo kwenye mistari mitatu, karibu na maji yanakoingia, katikati, na karibu na kutokea, kisha tafuta wastani. Tope likifika nusu ya nafasi iliyotengwa kwa ajili yake, andika kwamba lizolewe. Usikubali livuke asilimia 60. Uliza pia tope lililozolewa mara ya mwisho lilipelekwa wapi. Mara nyingi utaonyeshwa rundo lililo ukingoni pale pale, likisubiri mvua ilirudishe.

Je, bwawa linatosha? Hesabu yake ni nyepesi. Chukua eneo la hekta 2, yaani mita za mraba 20,000. Mvua ya milimita 50 inaliletea mita za ujazo 1,000. Kwenye ardhi tupu iliyoshindiliwa na malori, tuseme asilimia 70 hutiririka: mita za ujazo 700. Bwawa la mita 30 kwa 12 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba 540 likiwa tupu. Hata kabla ya kuhesabu tope, halitoshi. Ifanye hesabu hii mbele ya msimamizi, kwa namba za timbo lake.

Umbo nalo lina maneno. Urefu uwe angalau mara mbili ya upana, na maji yaingie upande mmoja yatokee upande wa pili, vinginevyo yatakata njia ya mkato bila kutulia. Na utulivu wenyewe unategemea chembe. Katika maji yaliyosimama, chembe ya mchanga ya milimita 0.1 hushuka mita moja kwa dakika mbili hivi. Ya milimita 0.01 huchukua saa tatu. Ya milimita 0.001, ambayo ndiyo imejaa kwenye udongo wetu mweusi, huchukua karibu wiki mbili. Ndiyo maana bwawa la Njiru laweza kuwa zima kila upande na bado likatoa maji ya rangi ya maziwa. Hapo pendekeza shabu ya kugandisha chembe ili zizame, ikipimwa kwanza kwa majaribio kwenye chupa kadhaa na kufuatiliwa pH, au kuhamisha udongo mweusi usikutane na maji kabisa. Mimi hupendelea hili la pili.

Hatua ya tano: mitaro

Panda na mtaro hadi mwanzo wake. Maji yote ya eneo lililochimbwa yaingie bwawani, na maji safi ya nje yapitishwe pembeni. Ukiona mkondo mdogo ulioukwepa mtaro na kuteremka moja kwa moja kuelekea mtoni, umepata jibu la chupa yako ya tatu. Barabara za malori ndizo hutenda hili zaidi.

Hatua ya sita: ardhi iliyorekebishwa

Hapa wenye matimbo hupenda kuhesabu miche: tulipanda elfu kadhaa. Mwache amalize kuhesabu, halafu chukua jembe.

Chimba mashimo sehemu tano au sita, juu, katikati na chini ya mteremko. Je, udongo wa juu ulirudishwa, na ni sentimita ngapi? Au ni kifusi kilichopakwa udongo mwekundu kiganja kimoja? Sukuma nondo kwa mikono: ikigoma kwenye sentimita 10 au 15 kote unakojaribu, ardhi imeshindiliwa na mashine, mizizi haitapita na maji yatateleza juu. Inahitaji kutifuliwa kwa kina kabla ya kupanda chochote tena.

Pima ardhi ilivyofunikwa. Tembea hatua 100 kwa mstari ulionyooka kukata mteremko, na kila hatua tazama kilicho mbele ya ncha ya gambuti: mmea, majani makavu, jiwe au udongo mtupu. Hesabu za mimea na majani makavu ndizo asilimia yako. Ikifika 70 na zaidi, mmomonyoko hupungua sana. Rudia mistari mitatu, na usichague palipo kijani. Nyasi ya Rhodes na vetiva hufunga mteremko upesi. Partheniamu na lantana pia hufunika, lakini ziandike kama magugu vamizi, si kama mafanikio.

Funzo bora la kazi hii lipo nyumbani. Huko Bamburi, Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye timbo la kiwanda cha saruji. Mivinje ilistahimili pale ambapo miti mingi ilikufa, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza hadi majongoo walipoletwa kuyala, na ndipo udongo ulipoanza kujengeka. Kwa hiyo piga magoti chini ya mti, fukua majani. Kama chini yake kuna unyevu, wadudu na weusi wa mboji, ardhi imeanza kujitegemea. Kama kuna kifusi kikavu tu, mti huo unaishi kwa ndoo ya maji ya mtunza bustani.

Fuata mifereji ya mmomonyoko kutoka chini hadi inapoanzia na upime kina chake. Inayozidi kina cha kiganja ifukiwe na maji yaelekezwe kwingine, kwani kufukia peke yake hakuzuii kurudi. Kuta za mawe zilizobaki ziwekewe uzio na tuta la kuzuia watu na mifugo. Mashimo yenye maji yazungushiwe uzio imara. Watoto huzama kwenye matimbo yaliyoachwa, na kibao cha onyo hakimzuii mtoto anayetaka kuogelea. Ongea na akina mama wanaochota maji na wachungaji waliopo. Wao hujua pengo la uzio lilipo.

Angalia kinachofukiwa pia. Dandora palikuwa timbo kabla ya kugeuzwa jaa la taka mwaka 1975, na jaa hilo lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Ukikuta lori linamwaga taka za mjini ndani ya shimo lililoidhinishwa kufukiwa kwa udongo, hiyo iende kwenye ripoti siku hiyo hiyo.

Hatua ya saba: ripoti

Mwezi Februari 1972, mkaguzi wa serikali alilitazama bwawa la taka za makaa ya mawe huko Buffalo Creek, West Virginia, Marekani, na kuliona linaridhisha. Siku nne baadaye, tarehe 26, lilipasuka likaua watu 125. Neno "inaridhisha" bila kipimo si ukaguzi. Andika namba: kina cha tope, sentimita zilizobaki, sekunde za ndoo, asilimia ya ardhi iliyofunikwa. Chagua sehemu sita hivi za kupigia picha, ziwekee vigingi, na kila ziara piga kutoka pale pale ukielekea kule kule.

Panga kasoro kwa muda wa kuzirekebisha: leo, ndani ya siku saba, kabla ya mvua zijazo. Kila moja iwe na jina la cheo cha atakayeitengeneza. Msomee msimamizi kabla hujaondoka, aweke sahihi, mwachie nakala. Pale ambapo jambo linahusu tuta, nakala ifike pia kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mwisho utaulizwa: bwawa hili tunaweza kulifukia lini? Nchini Marekani kanuni za migodi ya makaa ya mawe haziruhusu liondolewe kabla ya miaka miwili kupita tangu ardhi ipandwe mara ya mwisho. Kwa Nairobi, mimi ningedai masika mawili na vuli mbili mfululizo, bila kupanda tena wala kumwagilia, huku maji yanayoingia bwawani yakiwa tayari yametimiza kiwango kabla ya kutulia. Kipimo kichukuliwe mtaroni, si kwenye bomba la kutokea. Mpaka hapo, bwawa libaki, na tope lake liendelee kuzolewa.